Zaidi ya Kiingereza cha kuombea maji: mwongozo wa kujifunzia lugha hifadhini kwa mkazi wa Dar

Mtu aliyemaliza kidato cha nne Tanzania amesoma jiografia, baiolojia na historia kwa Kiingereza miaka minne mizima. Muulize maana ya osmosisi, atakuandikia bila kusita. Sasa mkute Posta, mgeni amemsimamisha kuuliza kivuko cha Kigamboni kiko wapi: ananyoosha kidole, anacheka, anasema "there, there", basi. Kiingereza anacho, tena kingi. Kimelala tu, kwa sababu hajawahi kubanwa akitumie kusemea kitu kilicho mbele ya macho yake.

Safari ya kutazama wanyama inambana. Mko ndani ya gari moja kwa saa kadhaa, mnyama yuko pale, anafanya jambo, na kila mtu anataka kujua. Maswali ni machache na yanajirudia kutwa nzima: ni nini kile, kiko wapi, kinafanya nini, kwa nini, tungoje au tuondoke. Hayohayo ndiyo maswali ya ofisini, dukani na hospitalini, ila huku yanaulizwa mahali ambapo hakuna bosi wala mtihani.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayeishi Dar, mwenye Kiingereza cha shule au kile cha kuombea maji, anayeweza kutenga wikiendi moja. Nitangulize jambo moja ambalo wengi hulipindua: majina ya wanyama ni sehemu ndogo kabisa ya kazi. Unaweza kukariri majina hamsini na usiweze kuongea. Kinachotufunga mdomo sisi Waswahili ni vitenzi, na huko ndiko nitakaa sana.

Hatua ya 1: Chagua pa kwenda

Kwa safari ya kwanza nenda Mikumi. Iko karibu kilomita 280 kutoka Dar, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964, na barabara kuu ya Iringa na Mbeya inaipasua katikati. Basi lolote la huko linaloondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, litakushusha Mikumi mjini. Usipopenda kukaa sana kwenye basi, tangu Juni 2024 kuna treni ya SGR hadi Morogoro, halafu unamalizia kwa barabara.

Naipendekeza Mikumi kwa sababu ya lugha kuliko ukaribu wake. Uwanda wa Mkata, ulio ndani ya hifadhi hiyo, uko wazi: nyasi na miti michache. Mnyama unamwona angali mbali, na anabaki machoni muda wa kutosha kusema sentensi tano au sita juu yake. Kwenye msitu mnene utasema "Look!" na mnyama keshapotea, na hakuna mazungumzo ya kujengwa juu ya "Look!" peke yake. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri, nyasi zimekauka na wanyama wanafuata maji. Wakati wa masika udongo mweusi wa Mkata hunasa magari. Kunasa kunafundisha Kiingereza pia, lakini ni neno moja tu, "Push!"

Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa 2005, ina ufukwe wa Bahari ya Hindi na inafaa kwa familia yenye watoto wadogo. Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 30,893, ina kitu kisichopatikana Mikumi: boti kwenye mto Rufiji. Injini ikizimwa, boti inaelea, viboko wanapumua jirani, na mazungumzo yanakuwa ya taratibu kweli. Ila ni mbali zaidi na gharama inapanda, kwa hiyo iache iwe ya pili.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kulinganisha na wageni, lakini beba kitambulisho cha taifa. Malipo ni ya namba ya kumbukumbu, si ya noti mkononi, kwa hiyo weka pesa kwenye simu au benki kabla ya kuondoka. Mzigo mkubwa wa gharama ni gari, na dawa yake ni kuchangia watu wanne au watano.

Na kama mwezi huu mfuko hauruhusu? Anzia mjini. Tumbili wa Chuo Kikuu, Mlimani, hawatozi kiingilio. Wakati wa Sabasaba, banda la Maliasili huwa na wanyama hai, na foleni yake ni mahali pazuri pa kufanya mazoezi ya kusubiri kwa Kiingereza. Kunguru je? Dar ina kunguru wa kutosha kuwafundisha Kiingereza wakazi wote.

Hatua ya 2: Kubalianeni kabla ya kuondoka

Chagua wenzako wa kiwango chako. Mtu mmoja anayemwaga ung'eng'e kama maji atawanyamazisha wengine wote bila kukusudia, nanyi mtarudi mkiwa mmesikiliza tu. Akiwepo, mpeni kazi ya kuuliza maswali, si ya kujibu.

Halafu ongea na mwongoza watalii siku moja kabla. Asipoambiwa atawaongelea Kiswahili, na ana haki: ninyi ni Watanzania wenzake. Mwambie hivi: "Kaka, kesho tunaomba utuongoze kwa Kiingereza kama unavyowaongoza wageni. Usiende haraka, na tukikosea utusahihishe." Wengi hufurahi. Kiingereza cha mwongoza watalii wa Kitanzania kinamfaa mwanafunzi kuliko cha kwenye filamu, kwa sababu amezoea kuongea na Mjerumani, Mchina na Mfaransa ambao nao hawakuzaliwa nacho. Anatamka wazi, anarudia, anatumia maneno ya kawaida.

Salamu ziache kwa Kiswahili. Getini ukimkuta askari wa hifadhi, ni "Habari za kazi, afande", na mzee aliyekaa pembeni ni "Shikamoo". Ukimrushia "Hi" utakuwa umejifunza Kiingereza na kupoteza adabu siku hiyohiyo.

Wekeni kanuni moja tu ndani ya gari: jina likikukwama, sema la Kiswahili ndani ya sentensi ya Kiingereza, usisimame. "The ngiri is running" inakubalika. Mwongoza watalii atasema "Yes, the warthog is running", na hapo umeshajifunza bila kufungua kitabu. Kinachokatazwa ni kugeuza sentensi nzima kuwa Kiswahili eti kwa sababu ya neno moja.

Hatua ya 3: Wiki mbili za maandalizi mjini

Chukua daftari dogo la mfukoni. Ukurasa wa kwanza andika vitenzi, si wanyama: eat, drink, sleep, walk, run, stand, lie down, hide, look, wait, follow, cross, fight, come, leave. Hivi kumi na tano vinabeba karibu kila kitu utakachokiona porini, na karibu kila kitu kinachotokea Kariakoo.

Kisha vifanyie kazi ukiwa kwenye daladala. Tazama dirishani, sema moyoni kinachoendelea: "A man is pushing a cart. The conductor is shouting. Two women are crossing the road. That crow is stealing somebody's chapati." Dakika kumi kila asubuhi zinatosha. Usitafute sentensi nzuri, tafuta sentensi iliyokamilika.

Majina yatoshe ishirini, wale wa Mikumi: elephant, lion, giraffe, zebra, buffalo, wildebeest, impala, warthog, hippo, crocodile, baboon na wengine wa namna hiyo. Hapa kazi ni matamshi, maana maandishi ya Kiingereza ni msaliti. "Leopard" hutamkwa LE-pad, ile o haisikiki kabisa. "Wildebeest" ni WIL-da-bist. "Hyena" ni hai-II-na. "Warthog" ina t na h zikifuatana, lakini si ile th ya "think": ni WOOT, halafu hog.

Zingatia pia urefu wa irabu. Kiswahili hakitofautishi i fupi na ile ndefu ya Kiingereza, ndiyo maana "live" na "leave" hutoka mdomoni mwetu zikifanana. "The lions live here" ni simba wanaishi hapa. "The lions leave here" ni simba huondoka hapa. Mtu anayetaka kushuka kwenye gari angependa kujua umesema ipi.

Hatua ya 4: Njiani

Wekeni mpaka wa kuanzia. Mkiwa na gari binafsi, Kibaha inafaa: mmeshatoka kwenye foleni za mjini na akili imetulia. Mkiwa kwenye basi ongeeni wawili wawili, sauti ya chini, msiwasumbue watu.

Mada ya njiani iwe muda, kwa sababu hapo ndipo Mtanzania hupotea vibaya. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, Kiingereza kinahesabu kuanzia usiku wa manane, tofauti ni saa sita. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, yaani "six in the morning". Mwongoza watalii akisema "I'll pick you up at half past five", anakuja saa kumi na moja na nusu alfajiri, na ukimsubiri saa kumi na moja na nusu jioni siku yako imekwisha. Ulizaneni: "What time do we arrive? How long does it take from Chalinze to Morogoro? What time is lunch?" Kila jibu litajeni mara mbili, kwa Kiingereza na kwa saa ya Kiswahili, hadi akili iache kutafsiri.

Barabara ikishaingia ndani ya hifadhi, soma vibao. Kuna vya kupunguza mwendo, na kuna vile maarufu vinavyoorodhesha faini ya kumgonga kila aina ya mnyama. Ni somo la bure la Kiingereza cha maonyo, na hata twiga na pundamilia huonekana kutoka barabarani kabla hujalipa senti.

Hatua ya 5: Ndani ya hifadhi

Amri kwanza. Mwongoza watalii hatazitafsiri pale tembo anaposogea: "Sit down, please. Keep your voice down. Stay in the vehicle. Don't stand up." Zikae kichwani kabla ya geti.

Sasa mfano wa mazungumzo. Gari limesimama, tembo wako chini ya mti.

– "Excuse me, what's that over there?"
– "Where exactly?"
– "Under the big tree, on the left."
– "Ah, that's a mother and her calf."
– "How old is the calf?"
– "Less than a year. You see, it can still walk under its mother's belly."
– "And what is she doing?"
– "She's flapping her ears. She's hot."
– "Could we wait a bit longer?"
– "Of course."

Hakuna neno gumu humo, lakini pana mambo kadhaa ya kuchimba.

La kwanza ni mahali. "Over there" haitoshi, utaulizwa "Where exactly?" kila mara. Jizoeze kuongeza kipande cha pili: under the tree, behind the bush, next to the road, in front of the termite mound. Waongoza watalii hutumia pia saa kama dira: mbele ya gari ni "twelve o'clock", kulia ni "three o'clock", nyuma ni "six o'clock", kushoto ni "nine o'clock". Akisema "Lion at three o'clock", usitazame saa ya mkononi wala usianze kuondoa sita. Geuka kulia.

La pili ni he, she na it. Yeye wetu ni mmoja kwa wote, kwa hiyo tunachanganya hata tukimzungumzia mama mzazi. Porini mnyama asiyejulikana jinsia ni "it", ikishajulikana ni "he" au "she". Simba ni mwalimu mzuri hapa: mwenye manyoya shingoni ni he, asiye nayo kwa kawaida ni she. Kila ukimwona simba mtaje kwa kiwakilishi chake angalau mara tatu. Ukirudi mjini hutamwita shangazi yako "he" tena.

La tatu ndilo kubwa, na ningependa ulisome pole pole.

Tazama simba aliyelala kivulini. Kwa Kiswahili unasema "Simba amelala". Mwanafunzi anatafsiri -me- kama alivyofundishwa shuleni: "The lion has slept." Mwingereza akisikia hivyo anaelewa simba alilala, akaamka, sasa yuko macho. Umempa habari ya kinyume kabisa, na kama yuko karibu na mlango wa gari ni habari ya hatari. Kiingereza kinataka "The lion is sleeping" au "The lion is asleep".

Hali ni hiyohiyo kwa jamaa wote wa -me- inayoeleza namna mtu alivyo sasa. Twiga amesimama: "The giraffe is standing." Chui amejificha: "The leopard is hiding." Nyani amekaa juu ya mti: "The baboon is sitting in the tree." Nyati amekasirika: "The buffalo is angry." Nyumbu amechoka: "The wildebeest is tired." Jiulize tu: je, hali bado inaendelea mbele ya macho yangu? Kama ndiyo, tumia "is". Kama tukio limekwisha na mnyama kaondoka, "Simba ameondoka", hapo "has" inafaa: "The lion has left."

Porini unaweza kulifanyia mazoezi saa nzima kwa sababu wanyama wengi mchana hawafanyi kitu. Simba anaweza kulala hadi saa ishirini kwa siku. Wageni wengine hulalamika kwamba simba amelala tu, haamki. Wewe mshukuru, anakupa muda wa kutengeneza sentensi.

La nne linakwenda sambamba na hilo. -na- yetu inabeba mizigo miwili. "Simba analala mchana" inaweza kuwa habari ya sasa hivi au tabia yake ya kila siku. Kiingereza hakikubali kuchanganya. Lakini sisi tuna hu-, na hiyo ndiyo ufunguo. Ukiweza kubadilisha kitenzi chako kuwa hu- bila kuharibu maana, Kiingereza chake hakina -ing. Simba hulala mchana: "Lions sleep during the day." Viboko hula nyasi usiku: "Hippos eat grass at night." Ukiona hu- haiingii kwa sababu unasimulia kinachotokea sasa, weka "is" na -ing: "That hippo is yawning."

Kwenye mabwawa ya viboko ya Mikumi, kilomita chache kutoka lango kuu, fanyeni mchezo huu. Mmoja aseme kinachotokea, anayefuata aseme tabia. "The hippo is opening its mouth." "Hippos stay in the water all day." "A bird is sitting on its back." "Hippos come out at night." Anayekosea analipia soda jioni. Mtashangaa jinsi masikio yanavyokuwa makali mtu akiona soda iko hatarini.

Kuna mtego mmoja zaidi utakaokupata angalau mara moja kabla ya chakula cha mchana. Gari lingine linakutana na lenu, dereva anauliza: "You haven't seen any lions?" Hamjaona. Kiswahili kinasema "Ndiyo, hatujaona", yaani ndiyo, ulivyosema ni kweli. Kiingereza hakijibu maneno ya muulizaji, kinajibu hali yenyewe: "No, we haven't." Ukisema "Yes", dereva atadhani mmewaona na atageuza gari kuwauliza wako wapi. Kanuni ni fupi: hakuna simba, ni "No". Yupo simba, ni "Yes, we have". Namna swali lilivyoulizwa haijalishi.

Kuhusu orodha za mitandaoni za majina ya makundi ya wanyama, ile eti kundi la twiga linaitwa "tower": achana nazo. "A group of" inatosha kwa kila mnyama, "herd" kwa wala nyasi na "pride" kwa simba ukitaka kujitutumua. Wingi nao usikutishe. Elephants, lions na zebras huongezwa s, lakini waongoza watalii wengi husema "ten impala", "five buffalo" bila s, na ni sahihi.

Hatua ya 6: Chakula, choo na adabu

Mkifika eneo la kupumzikia, usifunge daftari. Lugha ya mezani ndiyo utakayoitumia zaidi maishani.

Kiswahili kinaomba kwa "naomba". Mtu akitafsiri moja kwa moja atasema "I beg water", na kwa Kiingereza hiyo ni sauti ya mtu mwenye dhiki kubwa. Sema "Could I have some water, please?" Hiyo "Could" ndiyo naomba yako: "Could you pass the chapati? Could you switch off the engine, please? Could you go back a little?" Bila hiyo unabaki na amri, na Mswahili mpole akigeuka Kiingereza anaonekana mkali bila kujua.

Ukifungua chombo chako cha pilau, kwa Kiswahili unawakaribisha wenzako kwa "Karibu". Usimwambie mgeni "Welcome" huku ukinyoosha sahani, atajibu "Thank you" na kubaki anakutazama. Mwambie "Would you like some?" Ukiinuka mara moja usiseme "I'm coming" kwa kuwa Kiswahili kinasema "Nakuja". Unaondoka, kwa hiyo ni "I'll be right back."

Na kuchimba dawa? Kwenye basi konda akitangaza kila mtu anajua. Hifadhini huchimbi popote, maana kichaka chako kinaweza kuwa na mwenyewe. Uliza mapema, kabla hali haijawa mbaya: "Is there a toilet nearby?" Ukishachelewa, "Could we stop soon, please? It's urgent."

Hatua ya 7: Kusimulia

Usiku huohuo, kabla ya kulala, kila mtu arekodi meseji ya sauti ya dakika mbili kwenye kundi lenu la WhatsApp akisimulia jambo moja aliloliona. Jambo moja, si siku nzima. Ukichelewa hadi Jumatatu, joto la tukio limepoa na utaishia kusema "It was nice".

Kusimulia kunahitaji wakati uliopita, na Kiswahili kimekuandalia njia: -ka-. "Tukafika mtoni, tukamwona mamba, akaingia majini, tukaondoka." Kila -ka- inakuwa kitenzi kimoja cha wakati uliopita: "We got to the river, we saw a crocodile, it went into the water and we left." Huhitaji "then" kila mahali. Vile vitenzi vya daftarini andika umbo lake la pili kando yake: eat ate, drink drank, sleep slept, run ran, stand stood, hide hid, fight fought, come came, leave left. Hapa kukariri hakukwepeki. Jifariji kwamba ni vilevile utakavyovitumia kumweleza daktari au bosi kilichotokea jana.

Kisha sikiliza meseji ya mwenzako na umuulize maswali mawili kwa sauti. "How big was it? What happened next?" Hili wengi huliruka, na ndilo linalogeuza hotuba kuwa mazungumzo.

Hatua ya 8: Zihamishe sentensi mjini

Ukirudi Dar, fungua daftari na uandike upya kila sentensi uliyoitumia, ukitoa mnyama na kuweka kitu cha maisha yako. "Could you go back a little?" ni ya dereva wa teksi aliyepita nyumba ya mgeni wako. "Where exactly?" ni ya mteja anayetaka mzigo uletwe Sinza bila kusema Sinza ipi. "He's wearing a red shirt" imetoka tumboni mwa "The lion is sleeping": amevaa, bado amevaa, kwa hiyo "is". "I sell phone covers" ni hu-, kazi yako ya kila siku. "I'm selling my phone" ni ya sasa, una shida ya pesa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayechanganya hizo mbili anaweza kujikuta mteja anaishika simu yake ya mkononi na kuuliza bei.

Mtu akikuuliza "Have you ever been to Mikumi?", jibu kwa vipande viwili. "Yes, I have. I went in July." Kipande cha kwanza hakitaji lini, cha pili kinataja. Usiseme "I have ever gone", ingawa "nimewahi kwenda" inakusukuma huko.

Tenga siku moja ya juma, nusu saa, kundi lilelile la gari likutane kwa simu. Picha moja ya safari iwekwe, kila mtu aseme sentensi tatu juu yake. Picha zikianza kuchosha ndipo mpange safari inayofuata, na hapo ningewapeleka Udzungwa. Ni hifadhi tangu 1992, ya kutembea kwa miguu, na maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170. Huko hakuna kiti wala dirisha. Lugha inahamia mwilini: "My legs are tired. Is it slippery? How much further? Let me catch my breath." Mbega mwekundu wa Iringa akiruka juu ya kichwa chako hutakuwa na muda wa kutafuta neno, kwa hiyo vitenzi vya kupanda, kuteleza, kushika na kuruka viingie daftarini wiki mbili kabla, na viatu viwe vya soli yenye meno.